Nyumba Yangu na Gari la Uweso

Maneno yenyewe niliyasikia sokoni Ngamiani, penye wauza nazi, siku ya Jumanne asubuhi. Mwanamke mmoja aliyenipa kisogo alikuwa akimwambia mwenzake, "Lile gari la mtoto wa Mwatumu limekwisha kula minazi ya Pongwe. Sasa linainyemelea nyumba." Wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno. Mwatumu ni mimi. Nazi mbili nilizokuwa nimezichagua nikazirudisha juu ya jamvi, nikaenda zangu, na siku ile kwangu hakukupikwa kitu cha tui.

Maneno ya sokoni nimeyazoea. Marehemu mume wangu alipokufa walisema karogwa, nikacheka. Lakini hili lilikataa kunitoka. Nikifagia lipo, nikichagua mchele lipo. Adhuhuri nilisahau kama nimesali rakaa tatu au nne, ikabidi nisujudu sijida ya kusahau, na hata katika sijida ile nikawa naliona lile gari limeingiza pua yake mlangoni kwangu.

Nyumba yenyewe ni hii ninayoandikia. Iko Barabara ya Kumi na Mbili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Aliijenga mama yangu kwa kuuza mikate ya kumimina na mikeka miaka kumi na mitatu, akanipa ningali mwari. Si mirathi ya mume wangu, wala hapana mtu mwenye fungu humu ila mimi. Mume wangu aliacha minazi themanini huko Pongwe. Thumni yangu, yaani minazi kumi, nilimwachia mtoto, kwa kuwa tunaye mmoja tu, Uweso, na mimi nilijua nina nyumba. Vyumba viwili tulikaa sisi, vinne napangisha, na kodi hiyo ndiyo chakula changu na ndiyo sanda yangu.

Basi nisikilizeni, wenzangu mlio na watoto wa kiume wenye mishahara.

Gari lile lilikuwa la Mgiriki mmoja, injinia wa shamba la mkonge. Mwaka wa hamsini na tatu, bei ya mkonge ilipoanguka, alifunga mizigo kurudi kwao, akaliuza. Uweso alikuwa karani bandarini, mshahara shilingi mia mbili na themanini kwa mwezi, na kwa kijana wa Ngamiani hiyo ni heshima. Aliuza minazi ya baba yake yote themanini, tena inayozaa, kwa shilingi elfu tatu na mia sita, akazichukua zote akampa Mgiriki. Mimi niliambiwa gari likiwa limekwisha fika mlangoni.

Lilikuwa jekundu, refu mbele, fupi nyuma. Paa halina, ila turubai la kukunja. Viti viwili. Likinguruma, mabati ya jirani yanaitika. Uweso kavaa miwani ya jua, ananiita, "Mama, panda!"

Nisiseme uongo: nilipanda, na nilifurahi. Tulikwenda Raskazone tukarudi, buibui langu likipepea kama bendera ya forodhani, watu wa baiskeli wakijitupa pembeni. Nilicheka kama mtoto. Tuliporudi, kabla sijashuka, akaniambia, "Mama, una shilingi tano? Nipite kwa mwenye petroli."

Nikampa. Shilingi tano ile ndiyo kosa langu la kwanza, nalikubali.

Chumba cha mbele alipanga Asheri, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, fundi wa magari katika karakana moja ya mjini. Mtu mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Mwezi wa pili, nilipoona shilingi tano zimekuwa ishirini na ishirini zimekuwa hamsini, nilimwuliza.

"Asheri mwanangu, hili gari likoje?"

"Ni gari zuri, mama."

"Sikukuuliza uzuri. Linakula nini?"

Akajifuta mikono, akakaa barazani. "Mama, lori la mkonge ni punda, utalilisha chochote. Hili ni farasi wa mashindano. Lina silinda sita na kabureta mbili, na kila moja ina kiu yake. Galoni moja hailifikishi Muheza. Tena petroli iwe ile ya bei, ukilitia ya lori linakohoa. Oili, painti moja kila siku tatu, maana Mgiriki alilikimbiza sana. Mipira yake si ya kipimo cha teksi wala cha lori. Hapa Tanga haipo. Huagizwa Nairobi, shilingi mia na themanini mmoja. Na kwa barabara zetu hizi za mawe ya pwani, na kwa mwendo anaokwenda Bwana Uweso, mpira haumalizi miezi mitano."

"Mipira mingapi?"

"Minne, mama. Na wa akiba."

"Hata wa akiba unakula?"

"Wa akiba ulikwisha kufa. Lilikuja nao maiti."

"Na bima?"

"Bima ya gari la mbio ni kubwa kuliko ya gari la kawaida. Wanajua wanachokiogopa."

Mshahara wa mtoto ulikwisha kabla hatujafika kwenye breki. Nikamwambia Asheri basi, inatosha, nenda kale.

Lakini gharama ya gari lile haikuwa petroli na mipira peke yake, na hili Asheri hakuweza kunieleza, kwani si mtu wa huku. Huku kwetu mtu akiwa na gari, gari ni la ukoo na la mtaa. Shangazi yake Uweso alikuja kutoka Pongwe na binti zake wawili kwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Akapanda shangazi, binti wakabaki mlangoni wamenuna. Kuwatuliza ikabidi nitoe doti ya kanga. Mara ya pili akapandishwa binti mmoja, shangazi akanuna yeye na yule mwingine, na kumtuliza shangazi si kazi ya kanga moja. Mzee mmoja wa mtaani akashikwa na tumbo, wakamleta mbio kwenye gari. Hakulazika. Miguu ikabaki nje. Akaenda kwa mkokoteni. Watu wakasema, gari gani hili lisilochukua mgonjwa, wala jeneza, wala gunia la nazi? Uweso kwa kuona haya akawa anawapa pesa za teksi. Mtu ana gari, na analipa teksi!

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa niliposikia yale maneno ya sokoni. Nikamngoja arudi kula mchana.

"Uweso, nyumba yangu imetajwa sokoni."

"Nyumba zote hutajwa, mama. Ndiyo kazi ya soko."

"Imetajwa pamoja na gari lako."

Akacheka, akamega kipande cha samaki. "Husuda hiyo. Gari litajilipa lenyewe. Nimekwisha pata mpango."

"Mpango gani?"

"Harusi. Bwana harusi mmoja shilingi sitini. Harusi nne kwa mwezi, mia mbili na arobaini. Nani ana gari kama hili Tanga nzima? Na mwendo wa harusi ni wa pole, mama. Petroli haiendi hata kidogo."

Nikaona kama kuna akili hapo. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Mteja wa kwanza alikuwa Sabiha, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mkuu wa chama cha ngoma cha wanawake wa mtaa wetu. Mwanawe Miraji alikuwa anaoa Nguvumali. Mwezi uliotangulia, chama cha pili, cha barabara za juu, kilimpeleka bwana harusi wao kwa teksi iliyofungwa vitambaa, wakaimba wiki nzima kwamba sisi tunaenda harusini kwa visigino. Sabiha hakulala tangu siku hiyo. Alikuja kwangu akicheka, "Shoga, safari hii watakula vumbi letu!"

Asheri alisikia. Alimfuata Uweso uani, nami nipo naanika dagaa.

"Bwana Uweso, samahani. Gari hili hupozwa na upepo wa mwendo wake. Ukilitembeza kwa hatua ya matari litachemka. Kama ni lazima, lizimwe, lisukumwe."

"Lisukumwe! Bwana harusi asukumwe kama gunia la mkaa? Weye Asheri umezoea malori, hujui harusi."

"Harusi sijui, kweli," akasema Asheri. "Najua rejeta."

Uweso akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Harusi ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Wageni wa mbali huenda hawajui: bwana harusi wa kwetu hapelekwi mbio. Hupelekwa kwa kaswida na matari, hatua moja mbele, kisha watu wanasimama wanayumba, kisha hatua nyingine. Kila pembe ya njia kuna mtu wa kumtunza fedha, na kila mtunzaji lazima asimamiwe. Kutoka Ngamiani hadi Nguvumali mtu mwenye haraka hafikishi saa moja. Kwa matari, magharibi itakukuta njiani. Basi mbele wapiga matari, katikati gari jekundu na Miraji ndani yake kavaa joho na kilemba, Uweso kwenye usukani na kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, nyuma sisi wanawake tunapiga vigelegele. Lilikuwa jambo zuri kutazama. Wale wa barabara za juu walikuwa wamejipanga vibarazani wamenyamaza kimya, na kunyamaza kwao kulikuwa tamu kuliko kaswida.

Hatujafika nusu ya njia, nikaona Uweso anapangusa jasho na hakuna jua usoni mwake. Kisha moshi mweupe ukaanza kutoka mbele, kidogo kidogo.

"Sabiha, linatoa moshi," nikasema.

"Ubani huo."

"Ubani unatoka kwenye boneti?"

Uweso akataka kusimama pembeni. Sabiha akakimbilia mlangoni mwa gari, akalipiga kofi bati lake. "Usisimame hapa! Mbele ya hawa? Afadhali unichinje! Twende mpaka pale kwenye kona!" Uweso akaenda mpaka kwenye kona. Hapo likagoma lenyewe, likitetemeka na kupiga mluzi.

Sasa tazameni kosa letu, maana lilikuwa la wote, na lilifanywa kwa wema. Mtu mmoja alisema, "Maji!" Na watu wa Tanga ukiwaambia maji hawaulizi ya nini. Kila nyumba ilitoka ndoo. Maji ya kisima, ya baridi, yenye chumvi ile ile isiyoivisha hata kunde. Asheri alikuwa upande wa pili wa njia na baiskeli yake, anapunga mikono, anapiga kelele, "Msitie! Ngojeni lipoe! Msitie!" Lakini wapiga matari walikuwa hawajajua, bado wanapiga, na nani atamsikia Mshambaa mmoja katikati ya matari ishirini? Uweso akafungua kizibo cha rejeta kwa kanga, mvuke ukaruka juu kuliko nyumba, na ndoo ya kwanza ikaingia, na ya pili.

Likalia *kwa!* Kama chungu kilichotoka jikoni kikatiwa karoni, majini.

Matari yakanyamaza. Miraji akashuka, kilemba kimelowa, joho lina madoa ya kutu. Sabiha akapiga ukelele, "Mwanangu anakwenda kuoa, haendi kuogeshwa!" Akamshika mkono, matari yakaanza tena, na harusi ikaendelea kwa visigino. Kwenye vibaraza wale wa barabara za juu walikuwa wamelaliana kwa kicheko.

Mimi nilibaki. Uweso alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya usukani. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika kichwa ili wasimwone uso.

"Mama, wamekwenda?"

"Wamekwenda."

"Wote?"

"Asheri yupo."

Likasukumwa mpaka kwangu, Asheri akalitazama jioni ile na kesho yake. Akaniambia kichwa cha injini kimepasuka, na hapa pwani hakuna mtu wa kukiunga kikakaa. Kipya kinatoka Ulaya. Pamoja na nauli ya meli, na gasketi, na plagi sita, na kusafisha rejeta iliyojaa chumvi, shilingi elfu moja na mia tisa.

"Na mipira je?" nikamwuliza.

"Mipira sijaihesabu, mama. Nimeona vibaya kuihesabu leo."

Ndipo ikaja karatasi.

Walikuja Ijumaa, baada ya sala. Uweso, na Sabiha, na Mwinyijuma, dalali wa nyumba, na kikapu kidogo cha halua. Nilijua tangu nilipoiona halua. Dalali hapeleki halua kwa mtu asiye na kiwanja. Nikawapa kahawa, nikakaa.

"Bi Mwatumu," Mwinyijuma akaanza, sauti yake laini, "nimekuja kwa jambo dogo la kifamilia. Si kuuza, hasha. Ni rehani tu. Kijana anapata elfu mbili na mia tano, gari linapona, harusi zinaanza, katika miezi sita fedha inarudi na nyumba yako ipo vile vile. Hutaona hata msumari umetikisika. Weye weka kidole gumba hapa, basi."

"Kidole gumba kwa nini? Nimesoma mpaka darasa la nne. Lete miwani yangu, Uweso."

Mwinyijuma akaitazama halua. "Mashallah. Lakini karatasi za mahakama ni ndefu, bibi, zinachosha macho."

"Ijumaa ni siku ndefu pia."

Nikaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, polepole kama nilivyofundishwa. Ilianza, "Mimi Mwatumu binti Hatibu nimeuza."

Nikasimama hapo. "Nimeuza, Bwana Mwinyijuma?"

"Ndiyo lugha ya karatasi tu."

Nikaendelea. Nimeuza nyumba yangu ya vyumba sita na ua wake. Nina khiyari ya kurudisha fedha katika miezi sita. Nisipoirudisha mpaka siku ya mwisho, nyumba ni ya mnunuzi, sina dai. Na katika miezi hiyo sita nitamlipa mnunuzi shilingi arobaini kila mwezi kwa kukaa humo.

"Yaani nilipe kodi ndani ya nyumba aliyonijengea mama yangu?"

"Ndiyo njia ya kuepuka riba, bibi. Dini imekataza riba."

"Na dini imeanza udalali lini?"

Hiyo ndiyo bei ya khiyari, wenzangu. Wazee wetu waliitumia, na hakuna mtaa katika mji huu usio na nyumba iliyoondoka kwa njia hiyo, mwenyewe akihamia kwa mkwewe na kitanda chake kichwani. Mtu haoni anauza. Anaona anakopa.

Uweso akapiga magoti mbele yangu. "Mama, mji mzima uliniona pale kwenye kona. Gari lisipotembea tena nitakuwa hadithi. Nitapita wapi?"

"Utapita palepale, kwa miguu. Watacheka wiki mbili, kisha atatokea mwingine."

"Miezi sita tu, mama!"

"Katika miezi sita iliyopita limekulipa shilingi ngapi?"

Sabiha akaingilia, "Mwatumu, mwenzangu, mama kwa mwanawe huvua hata kanga."

"Kanga nilikwisha vua, Sabiha. Njiani, pale ulipomwacha. Wewe nawe una nyumba. Lilikufa likimpeleka mwanao. Weka yako."

"Yangu ina watoto na wajukuu!"

"Na hii yangu ina panya?"

Mwinyijuma akakohoa ndani ya kikombe. Uweso akasimama, uso umebadilika. Akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Akasema mimi napenda udongo kuliko damu yangu. Akasema, "Basi nahama. Ukae na kuta zako."

Ninaye huyo mmoja. Nilimzaa baada ya kuzika wawili. Karatasi ilikuwa mapajani mwangu, na kalamu Mwinyijuma amekwisha ifungua, na nilijua nikiandika majina mawili tu mtoto atakaa, atacheka, ataniita mama kama zamani.

Nikaikunja karatasi mara nne. Nikasema, "Sitii sahihi. Leo sitii, kesho sitii, na ukiniletea nimelala kitandani nakata roho sitii. Hama, mwanangu. Nguo zako zimefuliwa, zipo kambani. Siku ukitaka kurudi utaukuta mlango, kwa kuwa sikuuza. Na wewe, Bwana Mwinyijuma, chukua kikapu chako. Kahawa uliyokunywa ni sadaka."

Akahama kweli, siku ile ile, akapanga chumba Nguvumali. Gari likabaki mbele ya nyumba yangu limefunikwa turubai.

Sasa mtasema mama alishinda, akalala. Sikulala. Kila mlango ukigongwa nilidhani wameniletea habari yake. Nilikuwa nikimpa Asheri chakula ampelekee, kisha Asheri anarudi na bakuli, nami naangalia kama limelambwa au limeachwa. Mtaani nikasemwa. Yule shangazi wa Pongwe, aliyenunia kiti miezi yote ile, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba nimemtupa mtoto wa kaka yake. Mimi, niliyemwachia minazi yangu kumi!

Na chama cha Sabiha kikanitungia wimbo. Nilipata habari watauimba Jumamosi alasiri uwanjani, nikavaa kanga zangu mpya nikaenda. Nikakaa mbele. Wakaimba:

*Kuna mama kakumbatia matope,*
*Mwanawe njiani yuwalia peke.*

Watu wote wakanigeukia waone kama nitalia au nitatukana. Niliinuka, nikaingia katikati ya ngoma, nikatoa shilingi nzima nikambandika mwimbaji kwenye paji la uso. "Rudia," nikamwambia, "hujakosea. Ni matope, ndiyo, na yana vyumba sita." Kwa ada yetu mwimbaji akitunzwa lazima arudie. Akarudia. Nikamtunza tena. Mara ya tatu alikuwa anaimba chini kwa chini, na wanawake wa nyuma wakaanza kunipigia vigelegele mimi. Shilingi mbili zile siziwezi, nilikula mihogo siku tatu, lakini nikipata nyingine nitatoa tena.

Gari lilikaa miezi mitano. Asheri alilitafutia mteja, Singasinga mmoja wa Moshi aliyekuwa na jingine la namna hiyo na akataka vyuma vyake. Alikuja na lori. Alitoa shilingi mia saba. Mia saba katika elfu tatu na mia sita! Uweso alilipia mipira aliyokuwa ameikopa, akanunua baiskeli, zikabaki za kodi ya mwezi mmoja. Waliposukuma gari juu ya mbao kulipakia alikuwepo, amesimama upande wa pili wa barabara. Hakuvuka kuja kwangu.

Alikuja Ijumaa mbili baadaye, kwa baiskeli, akaniamkia kutoka mlangoni, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ule."

Akala. Nilimpakulia mara mbili. Akaosha mikono, akasema bila kuniangalia, "Ungetia sahihi, lingekuwa linatembea leo."

"Lingetembea. Mimi ningekuwa nakaa wapi?"

"Ningekujengea nyingine."

"Kwa mshahara upi? Ule wa petroli?"

Akakasirika, akachukua baiskeli akaondoka. Ijumaa iliyofuata akaja tena. Mpaka leo, mwaka huu wa hamsini na tano, anakuja, anakula, tunabishana palepale. Yeye anashika lake, mimi nashika langu, na nyumba ipo. Sijajuta hata siku moja. Nimeogopa siku nyingi, lakini kujuta, hapana.

Naandika haya kwa sababu nimesikia kuna kijana wa Barabara ya Nane, mwenye kazi reli, anakwenda kila Jumapili kulitazama gari la namna ile ile huko kwenye mashamba, na mama yake anasema ni mchezo tu. Dada yangu, si mchezo. Haya ndiyo mambo ya kuepuka:

Usimpe shilingi tano ya kwanza ya petroli.

Usiruhusu gari linunuliwe kabla fundi hajasema bei ya mpira mmoja, na mahali mpira huo unapopatikana.

Usiulize bei ya kulinunua peke yake. Uliza petroli, oili, bima, leseni na breki, kwa mwezi, na mshahara uwekwe kando ya hesabu hiyo.

Usiuze mnazi unaozaa ununue kitu kisichozaa.

Usikubali gari la viti viwili kama una ndugu zaidi ya mmoja.

Usikodishe gari la mbio kwa harusi ya matari.

Usitie maji baridi kwenye injini yenye moto, wala maji ya kisima siku yoyote.

Usimcheke fundi kwa kuwa si wa kwenu.

Usitie sahihi karatasi ambayo hukuisoma mwenyewe mpaka mwisho. Kama hujui kusoma, usisomewe na aliyeileta.

Usikubali bei ya khiyari kwa ajili ya kitu chenye magurudumu.

Usiogope mtoto akisema anahama. Mfulie nguo, mpelekee chakula, lakini hati ya nyumba iweke mahali asipopajua.